Kinundu cha kitovuni

Swali: Daktari, mama yangu ana kinundu kigumu kitovuni, kinatoa majimaji. Tumbo nalo limejaa. Jirani hapa Dunga, Kisumu, anasema ni ngiri. Tungoje?

Jibu: Msingoje. Ngiri mara nyingi hurudi ndani ukiibonyeza mgonjwa akiwa amelala. Kinundu kigumu kisichorudi chaweza kuwa saratani iliyosambaa kutoka kwenye ovari, mji wa mimba, tumbo la chakula au kongosho. Madaktari hukiita kwa jina la Sista Mary Joseph, muuguzi wa Marekani aliyekitambua alipokuwa akiwasafisha wagonjwa kabla ya upasuaji. Aliyeandika kukihusu ni daktari aliyefanya naye kazi, William Mayo. Angalau jina limebaki kwa muuguzi. Tumbo kujaa ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwani huenda ni maji.

Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wa Kisumu bado huiita Russia. Ombeni altrasaundi ya tumbo na nyonga, na kipande cha kinundu kipimwe maabara. Asikichanje mtu nyumbani. Hata ikithibitika ni saratani, kuna kemotherapia, kutolewa maji tumboni na dawa nzuri za maumivu.