Mathenge Kandokando ya Mito ya Msimu: Uanzie Wapi?

Mfugaji wa Baringo, Turkana au Tana River hahitaji kuelezwa mathenge ni nini. Asili ya mti huu ni Amerika ya Kati na Kusini, na Baringo uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na udongo usipeperushwe na upepo. Kuni zilipatikana kweli. Lakini mti haukukaa ulipopandwa: ulifuata mito ya msimu, ukaua nyasi chini yake, ukaziba njia za mifugo kwenda majini. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu hatari.

Kabla ya kushika panga, hakikisha unachokata, kwani mathenge mchanga ni rahisi kuuchanganya na mgunga, na mgunga ndio unaotaka ubaki. Shika tawi ulitazame vizuri. Mgunga una miiba ya aina mbili, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoana; ya mathenge imenyooka yote. Maganda ya mgunga yamejisokota. Ya mathenge yamenyooka au yamepinda kidogo, na yakiiva huwa ya manjano, matamu.

Utamu huo ndio chanzo cha balaa. Mbuzi na ng'ombe hula maganda, mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima, kisha huota kwenye samadi popote itakapodondoka. Mifugo iliyokula maganda ifungiwe zizini wiki moja hivi kabla ya kuhamia malisho safi. Maganda yakisagwa vizuri mbegu hufa, na unga wake ni lishe nzuri ukichanganywa na malisho mengine. Mbuzi akila maganda matupu siku nenda siku rudi, meno yake huharibika.

Sasa kukata. Wengi huvamia kichaka kikubwa kwanza, na nguvu zote huishia hapo. Ni kosa. Anza na miti michache iliyotapakaa kwenye ardhi ambayo bado ni safi. Miche ing'oe na mizizi yake baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Mti mkubwa ukikatwa juu ya ardhi huchipua upya, tena kwa wingi. Kwa hiyo fukua kuzunguka shina, ulikate chini ya usawa wa udongo, mahali ambapo hakuna chipukizi. Vaa viatu vya soli nene, maana mwiba wake ukichoma, jeraha huvimba vibaya.

Ukingoni mwa mto usifyeke pote kwa mara moja, mafuriko yasije yakabeba udongo. Safisha kipande, panda nyasi za kienyeji mvua zinapoanza, na kizungushie ua wa matawi hayohayo ya mathenge, yasiyo na maganda. Miche ya mgunga na mswaki inayojiotea iache. Mbuzi wasiingie mpaka nyasi zitoe mbegu, na kila baada ya mvua pita ung'oe mathenge mipya, kwani mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi.