Kikombe cha Mpira cha Uingereza

Katika nchi ya Uingereza mpira wa miguu hupendwa na watu wengi, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 1863 wakuu wa timu kadha wa kadha walikutana mjini London, wakaunda chama cha kuusimamia mchezo huo. Mwaka 1871 katibu wa chama, Charles Alcock, alitoa shauri kwamba kiwekwe kikombe kimoja, timu zikishindanie. Shauri lake likakubaliwa, na timu 15 zikaandikisha majina yao. Mchezo wa mwisho ulichezwa London, katika kiwanja cha Oval, tarehe 16 Machi, 1872. Wanderers wakawashinda askari wa Royal Engineers kwa bao 1 kwa 0.

Kanuni ya mashindano hayo ni nyepesi. Timu mbili hukutana; ishindwayo hutoka, nayo ishindayo huendelea mbele. Kila zamu ya michezo huitwa duru. Kwa kuwa kila mshindi huitoa timu moja, ni rahisi kuhesabu: timu 64 zikishindana, lazima 63 zitolewe, ndipo apatikane mwenye kikombe.

Miaka ilipopita timu zikazidi kuwa nyingi, na nguvu zao hazikuwa sawa. Mwezi wa Oktoba, 1887, Preston North End waliwafunga Hyde mabao 26 kwa 0. Basi mwaka 1888 chama kikaanzisha duru za kuchuja, ili timu ndogo zishindane kwanza zenyewe kwa zenyewe. Hazikufungiwa mlango, bali zilipewa ngazi ya kupandia.

Siku hizi timu zaidi ya 700 hujiandikisha. Duru za kuchuja ni sita, nazo huanza mwezi wa Agosti, katika viwanja vidogo vya vijiji na miji. Mwisho wake hubaki timu 32. Hapo huingia timu 48 za daraja la tatu na la nne, jumla yake 80. Baada ya duru mbili hubaki 20. Mwezi wa Januari huingia timu 44 za madaraja mawili ya juu, zikawa 64. Kisha hupungua nusu kwa nusu, hata zibaki mbili za kucheza mchezo wa mwisho katika kiwanja cha Wembley, London. Kura ndiyo hupanga nani acheze na nani, wala kura haimjui mkubwa wala mdogo.

Waswahili husema, Dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini mara moja moja huenda. Hereford ni mji ulio karibu na mpaka wa Wales. Katika mashindano ya mwaka 1971 na 1972 timu yake, Hereford United, haikuwa katika madaraja manne makuu, ikaanzia duru ya nne ya kuchuja. Ikapanda hatua kwa hatua, ikazitoa King's Lynn na Northampton, hata ikakutana na Newcastle United, timu ya daraja la kwanza. Mchezo ulifanyika Newcastle, wakatoka sare, mabao 2 kwa 2. Zamani hizo timu zilizotoka sare zilirudiana. Desturi hiyo iliachwa katika duru kuu tangu mwaka 2024.

Wakarudiana Hereford tarehe 5 Februari, 1972. Kiwanja kilikuwa matope matupu. Karibu na mwisho Newcastle wakafunga bao, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Lakini Ronnie Radford, ambaye kazi yake ilikuwa useremala, aliupiga mpira kutoka mbali sana, ukaingia golini. Vijana wakakimbilia kiwanjani kwa furaha. Katika dakika za nyongeza Ricky George, aliyekuwa mchezaji wa akiba, akafunga la pili. Newcastle wakatolewa.

Hereford hawakukipata kikombe. Duru iliyofuata walitolewa na West Ham. Hata hivyo mwaka ule ule wa 1972 timu yao ilichaguliwa kuingia daraja la nne. Lau mlango ungalifunguliwa kwa wakubwa peke yao, seremala yule asingalikutana na Newcastle kamwe. Kanuni iliyo sawa kwa wote haimwahidi mnyonge kushinda. Humpa nafasi ya kujaribu tu. Iliyobaki ni juu yake.

MASWALI

1. Kwa nini duru za kuchuja zilianzishwa?
2. Timu 32 zikishindana kwa kutoana, itachezwa michezo mingapi pasipo kurudiana?
3. Eleza jinsi timu 80 zinavyokuwa 20.
4. Je, ni haki timu kubwa kuingia nyuma ya ndogo? Toa sababu zako.