Sare ya Hospitali Isifike Kwenye Mkeka wa Nyumbani



Katika Surat al-Muddaththir, aya ya 4, Mtume (s.a.w.) aliamrishwa kuzitakasa nguo zake. Leo tuitazame nguo ambayo familia nyingi huidhani kuwa safi kuliko zote: sare ya daktari, muuguzi au mhudumu wa hospitali.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikirudi nyumbani na koti langu jeupe. Binti yangu hunikimbilia mlangoni na kunikumbatia, uso wake ukigusa pale pale alipokoholea mgonjwa mchana. Koti halikuwa na doa hata moja. Ndipo nikatanabahi kuwa weupe si usafi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kuwa bakteria waitwao stafilokokasi huishi kwenye vitambaa vya hospitali, pamba na poliesta, kwa siku 1 au zaidi. Bakteria hao wakiingia kwenye kidonda huleta usaha na majipu.

Tutofautishe mambo mawili. Damu, mkojo na matapishi ni najisi, na nguo ioshwe kabla ya kuswalia. Kiasi kidogo kinachosamehewa, muulize shekhe wako. Ama vijidudu, havionekani. Nguo yaweza kufaa kwa swala na bado ikabeba maradhi.

Basi tufanye hivi:

1. Vua sare kazini, ushungi wa kazini pia. Itie katika mfuko na uufunge.
2. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.
3. Usiikung'ute sare, wala usiichanganye na nepi au nguo za familia.
4. Damu itoe kwanza kwa maji baridi, kwani ya moto huigandisha. Vaa glavu.
5. Fua kwa sabuni na maji ya moto, suuza, anika juani, kisha piga pasi.
6. Viatu vya wodini vibaki nje.

Dada unayemfulia mumeo, usione haya kumkumbusha. Nawe mfanyakazi mwenzangu, beba nguo ya pili ya kuswalia na kurudia nyumbani. Mgonjwa ana haki kwako, na watoto wako nao wana haki yao.

Wabillahi tawfiq.