Mapatano na Mwenye Trekta

Ndugu mkulima, mvua ya masika haingoji mtu. Huku kwetu Bagamoyo huanza mwezi Machi na kuisha mwezi Mei. Shamba likichelewa kulimwa, mahindi hukosa mvua za kwanza, na hasara hiyo hairudishwi na palizi. Kwa hiyo mapatano yako na mwenye trekta ni kazi ya kilimo, kama ilivyo kuchagua mbegu.

Wakulima wengi hupatana bei tu. Husema, "Unilimie vizuri," na mwenye trekta hujibu, "Haya." Lakini neno "vizuri" halina kipimo. Kila mtu ana maana yake moyoni, na ugomvi huzuka kazi ikiisha. Yafaa kupatana mambo yanayopimika, kabla trekta haijaingia shambani.

1. Eneo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani karibu mita 64 kila upande. Kupima kwa hatua 70 kila upande hutegemea miguu ya mpimaji. Tumia kamba ya mita 10, nanyi wawili mpime pamoja. Shamba la mita 80 kwa mita 76 ni ekari moja na nusu. Ukilipia ekari mbili, nusu ekari umelipia bure.

2. Kina. Taja sentimita ambazo plau itaingia, kwa mfano 20. Chukua kijiti, kitie alama, upime ndani ya mfereji wa plau, toka usawa wa ardhi isiyolimwa hadi chini. Pima na katikati ya shamba, si ukingoni tu.

3. Kazi yenyewe. Je, bei ni ya plau peke yake, au pamoja na haro? Sehemu zilizorukwa zirudiwe bila malipo.

4. Siku. Wekeni siku ya kuanza na siku ya mwisho. Siku ya mwisho ikipita bila kazi, uwe huru kutafuta trekta nyingine na kurudishiwa fedha zako. Katika udongo mzito wa bonde la Ruvu jambo hili ni kubwa zaidi, maana mvua ikikolea trekta hunasa.

5. Malipo. Toa sehemu kwanza, na sehemu iliyobaki baada ya kupima kazi. Ukilipa zote mapema, huna tena cha kumrudishia mtu shambani.

Nawe unao wajibu wako. Ng'oa visiki, onyesha mipaka, tengeneza njia ya kupita trekta, na fedha ziwe tayari. Plau ikivunjika kwa kisiki ulichokificha, usimlaumu mwenzako kwa kuchelewa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutambua hata mapatano ya mdomo. Lakini neno lililosemwa bila shahidi ni gumu kuthibitishwa. Andikeni mambo haya matano katika karatasi mbili, mtie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, na kila mmoja ashike yake. Mwenye trekta mwaminifu hatakataa, kwani karatasi hiyo humlinda naye asidaiwe kazi ambayo hakupatana.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Pima kwanza, andika, kisha trekta iingie.