Manati Mfukoni, Daftari Mkononi: Somo Kuhusu Watoto Wanaowinda na Shule Zetu



Kamati zetu zinapojadili utoro wa wanafunzi, mara nyingi huzungumzia michango, sare, umbali wa shule na mimba za utotoni. Mtoto anayewinda hatajwi, au akitajwa hupewa jina moja tu: mtundu. Hata hivyo, katika vijiji vya juu vinavyopakana na msitu wa Kilimanjaro, na pia kule tambarare kwenye mashamba ya mahindi, mtoto huyu si mgeni. Robo hii tunaomba kamati za parokia na sharika zimjadili yeye pamoja na mtazamo wa walimu wake. Someni sehemu moja moja kwa sauti, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Tunamzungumzia mtoto gani?

Si kila mtoto mwenye manati ni mwindaji wa aina moja. Kamati itafakari makundi haya matatu:

(a) Anayewinda kwa mchezo. Huyu hulenga ndege njiani akienda shule au akichunga mbuzi. Hutega kwa ulimbo au tanzi, na akipata kwale au njiwa huchoma na wenzake.

(b) Anayewinda kwa kazi ya nyumbani. Wazazi wamempeleka shambani kuamia ndege au kufukuza ngedere na kima wanaokula mahindi na ndizi. Kwake manati ni zana ya kazi kama jembe. Msimu wa mavuno ukifika, kiti chake darasani huwa wazi.

(c) Anayewinda kwa njaa, au kwa kutumwa na wakubwa. Huyu huingia msituni na mbwa, hutega pimbi wa mitini au funo, na nyama huliwa nyumbani au huuzwa kwa siri.

Watoto hawa watatu wakifika shuleni wamechelewa, na matope miguuni, hupokewa kwa namna moja. Manati huchukuliwa na kutupwa motoni, fimbo hufuata, na mtoto huitwa “jangili” au “mtu wa porini” mbele ya wenzake. Hapo ndipo kosa linapoanza. Mwalimu ameadhibu kitendo bila kuuliza sababu, na sababu bado iko nyumbani inamsubiri mtoto.

2. Dharau hii imetoka wapi?

Uwindaji haukuwa aibu Uchagani. Ngozi za pimbi wa mitini zilishonwa kuwa vazi la heshima. Wavulana walijifunza mitego kwa kaka zao, wakajifunza pia majina ya miti, nyayo za wanyama na tabia za ndege. Mwaka 1940 Otto Raum, mwalimu na mtoto wa mmisionari, alichapisha kitabu kiitwacho Chaga Childhood kuhusu malezi ya watoto wa Kichaga. Alionyesha kwamba jamii hii ilikuwa na elimu yake kabla ya shule kuja, na kwamba michezo na kazi za watoto zilikuwa sehemu ya elimu hiyo.

Mambo mawili yalibadilisha mtazamo. La kwanza ni sheria. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyoweka uwindaji chini ya leseni. Tangu hapo mwenye leseni akawa mwindaji, na asiye nayo akawa mhalifu, hata kama babu yake aliwinda mahali palepale. La pili ni shule yenyewe, ambayo ilimfundisha mtoto kuona kwamba maarifa ya kweli yamo kitabuni tu. Mwalimu Nyerere alilikemea jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Alisema elimu tuliyoirithi iliwatenga vijana na jamii yao na kuwafanya wadharau maarifa ya wazee wasiokwenda shule.

Walimu wetu wengi wamelelewa katika mtazamo huo. Hatuwalaumu, ila tunawaomba waukague.

3. Tujifunze kwa Wahadzabe

Mtazamo wa shule kwa mtoto mwindaji huonekana wazi zaidi mahali ambapo uwindaji ndiyo maisha yenyewe. Ukitoka Moshi kwenda magharibi, ukapita Arusha na Karatu, unafika kwenye Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, nyumbani kwa Wahadzabe. Hii ni jamii ndogo, ya watu elfu moja na kidogo, inayoishi kwa mizizi, matunda, asali na nyama. Mvulana wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa bado mtoto wa miaka michache. Watafiti waliokaa nao kuanzia miaka ya 1980 walieleza kwamba watoto hao hujitafutia wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao cha mchana.

Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi huko Yaeda Chini, ili walime na watoto wao wasome. Wengine walikufa kwa maradhi ya kuambukiza, na wengi waliosalia walirudi porini. Baadaye watoto walipelekwa shule za bweni. Wengi walitoroka na kutembea kwa miguu hadi kwao. Shuleni walikuta lugha ngeni, wenzao waliowacheka, na watu wazima walioona ujuzi wao wote kuwa si kitu. Mtoto aliyeweza kufuata nyayo za mnyama saa nzima aliambiwa hajui lolote.

Mara nyingi husemwa kwamba mtoto hana budi kuchagua upinde au kitabu, na kwamba kimoja hukiua kingine. Mwaka 2002 watafiti Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa Wahadzabe. Wanaume waliokuwa wamekaa miaka kadhaa katika shule ya bweni walilenga shabaha kwa mshale sawasawa na wale walioishi porini maisha yao yote. Kwa maneno mengine, shule haikuwanyang’anya upinde. Basi na upinde usiwe sababu ya kuwanyang’anya shule. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati za kimila za kumiliki ardhi yao. Jamii yenye hati inahitaji watu wake wenyewe wa kuisoma, na watu hao ni hao watoto wanaowinda.

4. Je, tuwaruhusu watoto wetu wawinde?

Hapana. Somo hili halitetei uwindaji msituni, na kamati ziliweke wazi jambo hilo.

Kwanza, sheria. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu unaoizunguka nao uliingizwa ndani yake. Ndani ya hifadhi ya taifa kuwinda ni marufuku kabisa. Nje yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali. Mzee aliyezoea kukata kuni na majani katika ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya wanavijiji, anaweza kudhani mambo ni yaleyale. Mjukuu wake ndiye atakayekutana na askari wa hifadhi.

Pili, wanyama wenyewe. Mtego wa waya hauchagui. Katika msitu wetu yumo minde, mnyama jamii ya funo, ambaye duniani kote hupatikana katika milima michache ya Tanzania tu, na yuko hatarini kutoweka.

Tatu, afya. Mbwa wa kuwindia asiyechanjwa anaweza kuleta kichaa cha mbwa. Jeraha la kuumwa lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe wala kuliwa, kwani kimeta kimewahi kuua mifugo na wanyamapori katika mikoa yetu ya kaskazini.

Haya yote mtoto anapaswa kuyajua. Lakini atayasikia kwa nani, kama mwalimu anayeyajua amekwisha kumfukuza?

5. Mwalimu na kamati wafanye nini?

(a) Waulize kwanza. Swali “Jana ulikula nini?” humfungua mtoto kuliko swali “Ulikuwa wapi?” Akiwa ni wa kundi la njaa, dawa yake ni chakula. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada, lakini chakula cha mchana bado hutegemea sana michango ya wazazi. Familia isiyo na debe la mahindi ndiyo hiyo ambayo mtoto wake anatega.

(b) Fimbo isitangulie. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kamati ya shule ina haki ya kuulizia kitabu hicho.

(c) Ujuzi wa mtoto uingie darasani. Katika somo la sayansi, mwacheni ataje ndege anaowajua, viota vyao na majira yao. Klabu za Malihai zipo mashuleni tangu mwaka 1980. Mtoto anayejua njia za wanyama anafaa kuwa kiongozi wa klabu hiyo, na kesho anaweza kuwa mwongoza wageni mlimani.

(d) Nyama ipatikane kwa njia nyingine. Banda la sungura au kuku shuleni au nyumbani ni mradi mdogo ambao mtoto mwenye subira ya kutega anaweza kuutunza vizuri.

(e) Wazazi wapange zamu ya kuamia ndege, ili kazi hiyo isimwangukie mwanafunzi saa za masomo.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: mchango wa sufuria, mahindi na maharage hauna picha ya kuvutia, lakini huondoa mitego mingi msituni.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, watoto wanaowinda ni wa kundi lipi zaidi? Tunajuaje?
2. Ni maneno gani shule yetu hutumia kumwita mtoto huyu? Je, tungependa mtoto wetu aitwe hivyo?
3. Ni nani hununua nyama ya porini inayoletwa na watoto? Kwa nini yeye haadhibiwi?
4. Ni wanafunzi wangapi hawali mchana shuleni, na kamati inaweza kuanza na wangapi muhula ujao?

Tunaomba kila kamati ichague jambo moja kati ya hayo matano, iandike jina la mtu atakayelisimamia, na ikutane tena kabla ya msimu wa mavuno. Wakati huo ndipo viti huanza kuwa wazi darasani.