Viumbe wa Kilindini Walishwao na Hewa ya Matope

Mtu akiingia katika jaruba la mpunga huku kwetu Segese wakati wa mvua, akakanyaga tope lenye majani yaliyooza, ataona mapovu yakipanda juu ya maji. Ndani ya mapovu hayo mna hewa iitwayo methani. Hufanyizwa na viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho, waozeshao majani mahali pasipofika oksijeni, yaani ile hewa tuivutayo tupate kuishi. Methani huwaka moto, nayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ichimbwayo Songo Songo na Mnazi Bay. Somo letu lahusu wanyama wa baharini ambao chakula chao chatokana na hewa hiyo hiyo.

1. Mahali wakaapo

Chini ya bahari mna matope mazito, na ndani yake masalio ya viumbe waliokufa zamani sana. Methani itokanayo nayo hupenya katika nyufa na kuchomoza polepole. Maji ya hapo ni baridi kama bahari iliyo kandokando. Kwa hiyo mahali hapo si sawa na chemchemi za moto zilizoonekana chini ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos mwaka 1977. Mwaka 1984 wataalamu walishuka kwa chombo kiitwacho Alvin katika Ghuba ya Meksiko, kina cha zaidi ya mita 3,200, wakakuta kome na minyoo wengi wamesongamana katika giza tupu. Kome ni mnyama laini akaaye ndani ya magamba mawili yafungikayo pamoja.

Na Afrika je? Mto wetu Malagarasi humwaga maji katika Ziwa Tanganyika. Lukuga huyatoa ziwani na kuyapeleka Mto Kongo, nao huingia bahari ya magharibi. Huko, mbele ya pwani ya Kongo na Gabon, kina cha mita 3,160 hivi, pana bonde la mviringo liitwalo Regab, upana wake yapata mita 800. Humo wamo kome na minyoo, makundi kwa makundi.

2. Walavyo

Ndani ya matamvua ya kome wamo bakteria. Hao hupokea methani na oksijeni, wakapata nguvu ya kujenga miili yao. Naye kome hulishwa nao. Mwenyeji ampa mgeni makao, na mgeni ampa mwenyeji chakula.

Mnyoo ni wa ajabu zaidi, kwa maana akiisha kukua hana kinywa wala utumbo. Hukaa ndani ya mrija aliojitengenezea, na sehemu yake ya chini imezama topeni kama mzizi. Humo topeni bakteria na viumbe wengine wadogo, waitwao arkea, huila methani kwa ushirika pasipo oksijeni, wakitumia chumvi ya salfeti iliyomo katika maji ya bahari. Kazi yao hutoa hewa nyingine, yenye harufu ya yai viza, ambayo kwetu ni sumu. Mnyoo huifyonza, akawapelekea bakteria wakaao mwilini mwake, nao humlisha.

3. Kosa la kuepuka

Mtu asiseme, "Basi, methani peke yake yatosha." Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, lina methani nyingi mno katika maji yake ya chini, yapata kilometa za ujazo 60. Walakini samaki wake, hata sambaza walioletwa kutoka Tanganyika, hukaa katika maji ya juu tu, kwa kuwa huko chini hakuna oksijeni. Kome naye haishi bila oksijeni, nayo asili yake ni mimea na mwani uotao katika nuru ya jua. Kwa hiyo tusiwafundishe watoto kwamba wanyama hawa hawana deni lolote kwa jua. Chakula chao chaanzia gizani. Pumzi yao yatoka nuruni.

4. Yatuhusuje?

Methani ikifika angani huongeza joto la dunia, kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule, zaidi ya mara 25 kwa muda wa miaka 100. Wale wadogo wa topeni huila sehemu kubwa yake kabla haijatoka, na kwa kazi yao mawe ya chokaa hufanyika, ambayo wanyama wengine hushikamana nayo.

Tena wanyama hawa hukua polepole. Katika Ghuba ya Meksiko mnyoo wa urefu wa mita 2 amekadiriwa kuishi miaka 170 hata 250. Sisi tuonao miti ikikatwa kuwa matimba ya mashimo ya dhahabu twajua kwamba shoka humaliza kwa saa moja kazi ya miaka mingi. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imepatikana chini ya kilindi mbele ya Lindi na Mtwara. Haifai kukita chuma mahali kabla ya kutazama ni nani akaaye pale. Maana giza si dalili ya utupu.

Maswali ya kujipima

1. Mapovu ya jarubani yana undugu gani na hewa itokayo chini ya bahari?
2. Mnyoo asiye na kinywa hulishwaje?
3. Kwa nini sambaza hawakai katika maji ya chini ya Kivu?
4. Hapa kwetu ni kitu gani kikatwacho upesi na kuota polepole?