SOMO LETU: "NINA HAKIKA"



Mikutanoni mara nyingi mtu husimama akasema, "Nina hakika." Je, ana hakika kweli, ama anadhani tu? Tujifunze neno hili kwa kutumia mahindi.

Mwaka wa 2004 sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliingia kwenye mahindi huko Makueni, Kitui na wilaya jirani. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Mahindi mengi yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi.

Sasa mwanachama ameleta gunia kwenye stoo ya kikundi. Tumwulize, "Yamekauka?"

1. KUDHANI. "Imekaa juani siku tatu, nadhani iko sawa." Hayo ni maoni yake.

2. KUAMBIWA. "Jirani aliuma punje akasema imekauka." Hiyo ni habari. Bado si hakika.

3. KUHAKIKISHA. Twaa chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika chache, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani.

Na chumvi isiposhika? Tuseme kile tulichopima, tusiongeze. Tunajua unyevu hauzidi asilimia 15 hivi. Hatujui kama umeshuka hadi 13.5, kiwango kinachotakiwa hapa Kenya. Kwa hiyo tuzidi kuanika, na tukiweza tutafute mashine ya kupima unyevu. Wala chumvi haipimi sumu. Mahindi yenye kuvu yasiliwe, hata yakiwa makavu.

Mnaona? Hakika haiji kwa kusema kwa sauti kubwa. Huja kwa kupima, na ina mpaka wake. Tena "hakika" na "haki" ni maneno ya shina moja. Watoto watakaokula ugali huo wana haki tuwe tumepima.

Basi mwenyekiti akikuuliza, usione haya kujibu, "Bado sijapima." Jibu hilo linaweza kuokoa nyumba nzima.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mkutano uliopita, ni nani alisema "nina hakika"? Alihakikisha namna gani?
2. Pesa za kikundi: tunadhani ziko, tumeambiwa ziko, ama tumezihesabu?
3. Ni nani atakayeleta chupa na chumvi siku ya kupokea mahindi?